Shajara ya mradi: kutoka chuo hadi meza ya usuluhisho

Naandika kwa ajili ya mhitimu anayetaka kuingia kwenye uendeshaji wa uwekezaji, ile kazi inayoanza pale meneja wa mfuko anapokuwa ameshasema "nunua" na kwenda zake. Usuluhisho hapa ni kulinganisha daftari letu na la benki na kueleza kila tofauti. Naongeza sehemu kila hatua inapokwisha. Gharama naiandika kwa saa, maana ndizo zilizonitoka zaidi.

4 Septemba 2023: naanza

Nina shahada ya uchumi, uzoefu sina, na mpaka mwezi uliopita nilidhani kuwekeza ni kuchagua hisa tu. Kumbe hisa ikishanunuliwa kuna watu kazi yao ni kuhakikisha imefika, imelipiwa, imeandikwa kwa mwenyewe, gawio lake limeingia, na thamani ya kipande cha mfuko inatoka sahihi jioni.

Kilichonivuta ni kisa cha New York. Mwishoni mwa miaka ya 1960 miamala iliongezeka mpaka karatasi zikawashinda madalali, na mwaka 1968 soko la hisa likawa linafungwa Jumatano ili makarani wapunguze mrundikano. Soko zima lasimama kuwasubiri makarani! Kutokana na kadhia hiyo ikaanzishwa DTC, hifadhi kuu ya hisa ya Marekani, mwaka 1973, hisa zikatunzwa sehemu moja na umiliki ukahama kwenye vitabu badala ya vyeti kubebwa mitaani.

Lengo: kazi ndani ya miezi sita. Bajeti: saa 2 kila jioni, na Jumamosi nzima.

1 Oktoba 2023: saa 70 zimekwenda na maji

Nilianza kwa kusoma CFA ngazi ya kwanza, kwa sababu ndilo jina ambalo kila mtu analitaja. Ni mtihani wa maswali 180 na saa 4 na nusu, na ni mzuri kwa anayetaka kuchambua kampuni na kusimamia mifuko. Baada ya wiki nne nikafanya jambo nililopaswa kulifanya siku ya kwanza: nikachukua matangazo 20 ya kazi za ngazi ya kuanzia na kuorodhesha maneno yanayojirudia. Yakatoka usuluhisho, makabidhiano ya miamala (hisa na pesa kubadilishana mikono), matukio ya kampuni (gawio, mgawanyo wa hisa na mfano wake), hesabu za mfuko, Excel. Kupanga bei ya kampuni halikutajwa hata mara moja.

Nimehamia kwenye mtaala wa cheti cha uendeshaji wa uwekezaji cha CISI, taasisi ya Uingereza. Unagusa kazi yenyewe: muamala unavyozaliwa, unavyothibitishwa, unavyokabidhiwa, na nani anashika nini katikati. Ningeanza hapa ningekuwa mbali. Soma matangazo ya kazi kwanza, vitabu baadaye.

Gharama: saa 70 za CFA, saa 3 za matangazo. Hizo 3 ndizo zilizozaa.

29 Oktoba 2023: madaftari mawili

Kusoma peke yake kunalaza usingizi, kwa hiyo nimejenga zoezi. Ni majedwali mawili ya Excel: moja ni daftari la mfuko, lingine ni taarifa ya benki mtunzaji, yaani benki inayoshika hisa na pesa za mfuko. Mistari 400 kila upande: tarehe ya muamala, tarehe ya makabidhiano, namba ya dhamana (yaani hisa au hatifungani), idadi, bei, jumla. Kazi ni kulinganisha na kueleza kila tofauti.

Kosa la kwanza lilikuwa la kitoto. Nilipanda makosa mwenyewe, kisha nikayatafuta mwenyewe. Bila shaka niliyapata yote, nikajisifu siku mbili. Halafu nikampa mdogo wangu faili la benki, nikamwambia abadilishe mistari 12 bila kuniambia.

Nikapata 9. Tatu zilizonipita zinastahili kuelezwa.

Moja: alihamisha hisa 200 kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Mimi nilikuwa nalinganisha jumla ya mfuko, na jumla haikuyumba. Tangu hapo nalinganisha akaunti kwa akaunti, dhamana kwa dhamana. Jumla naiangalia mwisho.

Pili: alisogeza tarehe ya makabidhiano siku moja mbele. Idadi sawa, pesa sawa, tarehe tofauti. Fomula yangu haikuitazama tarehe hata kidogo.

Tatu ilinikera zaidi. Aligeuza tarakimu mbili ndani ya ISIN, ile namba ya herufi na tarakimu 12 inayotambulisha dhamana, kisha fomula yangu ikaichukulia kama hisa nyingine kabisa na kuipeleka kwenye orodha ya "mpya" ambayo sikuifungua. Dawa ipo ndani ya ISIN yenyewe: tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi. Chukua ya Apple, US0378331005. Geuza herufi ziwe namba (A ni 10, B ni 11, hivyo U ni 30 na S ni 28), upate 30280378331005. Ukianzia kulia, zidisha kwa 2 kila tarakimu ya pili. Jibu likizidi 9 toa 9. Kisha jumlisha zote. Inatoka 50, inagawanyika kwa 10, namba ni halali. Badilisha 83 iwe 38, jumla inatoka 46, haigawanyiki. Nimeweka ukaguzi huo kwenye safu ya kwanza ya jedwali. Unakamata karibu kila ubadilishaji wa tarakimu mbili jirani. 0 na 9 zikigeuzana ndizo zinazopenya.

Gharama: saa 31, na deni kwa mdogo wangu ambalo bado ananikumbusha.

19 Novemba 2023: siku 59 au 60?

Hatifungani zimenichukua wiki tatu, na tatizo lilikuwa moja. Nilikokotoa riba iliyolimbikizwa kwa hatifungani ya dola 1,000,000 yenye riba ya 6%, kuanzia 15 Januari hadi 15 Machi 2023. Nikahesabu siku kwenye kalenda: 59. Nikagawanya kwa 365, nikapata dola 9,698.63. Jibu la mwongozo lilikuwa 10,000.00.

Nilitafuta kosa la fomula kwa jioni mbili. Fomula haikuwa na kosa. Hatifungani hiyo ilihesabiwa kwa utaratibu wa 30/360, ambapo kila mwezi una siku 30 hata kama ni Februari, na mwaka una siku 360. Kwa hiyo siku ni 60. Tofauti ya dola 301.37 yote imetoka kwenye kanuni iliyoandikwa kwenye masharti ya hatifungani, na masharti sikuyasoma.

Kitu cha kuona haya ni hiki: jioni ya pili, kabla ya kugundua, niliongeza mstari ulioitwa "marekebisho 301.37" ili jedwali lilingane nikalale. Mstari huo nimeuacha kwenye faili, rangi nyekundu.

Gharama: saa 26.

15 Desemba 2023: maombi 39, usaili mmoja, sikupita

Maombi 31 ya kwanza yalikuwa barua ileile niliyobadilisha jina la mwajiri. Majibu mawili, yote ya kukataa. Nikaandika upya. Badala ya "nina ari kubwa ya sekta ya fedha" nikaweka: nimesuluhisha mistari 400 kati ya daftari la mfuko na la benki, nimekuta tofauti 9 kati ya 12, na hizi ndizo 3 zilizonishinda na jinsi nilivyozirekebisha. Maombi 8 ya namna hiyo yameleta miito 3. Ukinakili kitu kimoja kutoka shajara hii, nakili hicho.

Usaili wa kwanza niliuharibu. Mama mmoja mwenye miwani alinisukumia karatasi yenye safu mbili, tofauti ya chini 18.

"Utafanya nini, kijana?"

Nilikuwa na ujanja wa wahasibu mkononi: tofauti ikigawanyika kwa 9, huenda tarakimu zimegeuzana. Nikapitisha kidole, nikakuta 531 upande mmoja na 513 upande wa pili. Nikafurahi kama niliyeokota.

"Nitarekebisha daftari letu liwe 513."

"Kwa nini letu?"

Sikuwa na jibu. Akasubiri. Nikasema benki kwa kawaida ndiyo iko sahihi.

"Kwa kawaida," akarudia, akageuza karatasi. Nyuma yake kulikuwa na nakala ya uthibitisho wa dalali: 531. Benki ndiyo iliyokosea, na mimi nilikuwa nimeshafuta hisa 18 za wateja ili safu zipendeze. Karatasi ilikuwa na pande mbili na sikuigeuza.

Nilipofika nyumbani nikafungua faili la Novemba, nikautazama mstari mwekundu.

Gharama: saa 40 za maombi, na usingizi wa wiki.

20 Januari 2024: nimepata

Usaili wa pili uliahirishwa, wa tatu ukafanyika. Walinipa tofauti na mimi nikaomba hati kabla ya kusema lolote: uthibitisho wa dalali, maelekezo tuliyotuma benki, na taarifa ya benki. Nadhani ndicho kilichonipitisha, ingawa swali nililolifurahia lilikuwa jingine: kwa nini hatulipi kwanza, kisha tukasubiri tulichonunua?

Nikawaeleza ya Herstatt. Tarehe 26 Juni 1974 benki hiyo ya Ujerumani ilifungwa na mamlaka baada ya saa za kazi za huko, wakati New York bado mchana. Waliouziana nayo sarafu walikuwa wameshalipa mark zao asubuhi na wanasubiri dola. Dola hazikuja. Kwa hatari ya namna hiyo hisa na pesa hukabidhiwa kwa pamoja, hiki kisitoke bila kile, na kwa upande wa sarafu CLS, mfumo wa kimataifa wa kukabidhiana sarafu, ilianza kazi mwaka 2002 kuziba pengo hilohilo.

Naanza 5 Februari, meza ya usuluhisho wa pesa.

8 Machi 2024: mwezi wa kwanza, na dola 750

Kazi za kila siku nazipitia haraka: asubuhi taarifa za benki zinaingia, mfumo unalinganisha zaidi ya nusu wenyewe, zinazobaki ni zetu. Unaeleza, unaandika, unampelekea mwenye kuifanyia kazi. Aliyeandaa hawezi kuidhinisha.

Sasa kosa. Tarehe 14 Februari kwenye akaunti moja nilikuwa na tofauti mbili: pungufu dola 750, na ziada dola 750. Nikazifunga pamoja kwa maelezo "zinafutana". Aliyeidhinisha alikuwa na foleni ndefu, akapitisha. Tarehe 6 Machi benki ikajirudishia dola 750, ziada ilikuwa pesa ya mteja wao mwingine iliyoingizwa kwetu kimakosa. Shimo langu likabaki wazi, na sasa lilikuwa na umri wa wiki tatu.

Dada anayeongoza timu yetu hakunifokea. Alivuta kiti akakaa.

"Mdogo wangu, hizo mbili zilikuwa na undugu gani?"

"Zinalingana, dada."

"Na wewe na yule wa kaunta mna urefu sawa. Ni pacha wako?"

Tukaifuatilia pungufu. Gawio la kampuni ya Marekani lilikuwa dola 5,000 kabla ya kodi ya zuio. Sisi tulitarajia kukatwa 15% kwa mkataba wa kodi na kupokea 4,250. Tulipokea 3,500, yaani tumekatwa 30%, kiwango cha asiye na nyaraka. Sababu: fomu ya W-8BEN-E ya mfuko huo, ile inayoonyesha kwamba mwenye gawio si wa Marekani na anastahili kiwango cha mkataba, ilikuwa imeisha muda 31 Desemba. Kwa kawaida hudumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya mwaka iliposainiwa, na hakuna aliyeweka ukumbusho. Ningeuliza tarehe 14 Februari tungeliwahi gawio la pili lililolipwa mwanzoni mwa Machi. Nalo likakatwa 30%.

Marekebisho: fomu mpya imetumwa, madai ya kurudishiwa kodi yamefunguliwa, kalenda ya fomu zote za kodi imeundwa na nimekabidhiwa mimi. Na kwenye mfumo, tofauti mbili zikifungwa pamoja lazima ziwe na rejea moja.

Gharama: saa 19 zangu, saa 6 za dada, na pesa ya mfuko iliyokaa kwingine miezi kadhaa.

30 Mei 2024: T+1

Marekani imehama. Hadi Ijumaa ya 24 Mei miamala ya hisa ilikabidhiwa siku mbili za kazi baada ya kununua. Kuanzia Jumanne ya 28 Mei ni siku moja, ndiyo hiyo T+1. Jumatatu katikati yake ilikuwa sikukuu yao. Fanya hesabu: ya Ijumaa kwa siku mbili inafika Jumatano ya 29, na ya Jumanne kwa siku moja inafika Jumatano hiyohiyo. Mizigo miwili, mlango mmoja.

Tulijiandaa kwa wiki nane. Dalali anatakiwa kuthibitishiwa miamala kabla ya saa 3 usiku kwa saa za New York, siku ileile ya muamala, na kwetu hapo ni alfajiri, hivyo zamu zimepangwa upya. Mfumo ulijaribiwa mara tatu.

Kisichojaribiwa kilikuwa jedwali langu. Mwezi wa Machi nilijitengenezea karatasi ya kuagiza dola: unaweka tarehe ya muamala, inakupa tarehe ya kuhitaji dola. Ndani ya fomula nilikuwa nimeandika 2 kwa mkono. Jumanne mfuko ukanunua hisa za dola 480,000, mimi nikaagiza dola za tarehe 30. Jumatano asubuhi akaunti haina pesa, benki ikakataa kutoa zaidi ya salio, makabidhiano yakakwama siku moja.

Dalali ametudai riba: 480,000 × 5.33% ÷ 360 = dola 71.07. Ni pesa ndogo, na imelipwa na mwajiri, si mfuko. Barua ya kueleza kosa ilinigharimu zaidi: rasimu nne. Ya kwanza ilisema "mfumo haukusasishwa". Dada akaipiga mstari, akaandika pembeni: "Mfumo gani?"

Karatasi ile nimeifuta. Tarehe sasa inatoka kwenye mfumo, na majedwali yote binafsi ya timu yameorodheshwa. Tulidhani ni 5 au 6. Ni 23.

Wa Ulaya na Uingereza, zamu yenu inakuja. Anzeni na majedwali.

12 Juni 2024: hisa 300,000

NVIDIA iligawanya hisa, moja kuwa kumi, na biashara kwa bei mpya ikaanza Jumatatu ya 10 Juni. Mfuko wetu ulikuwa na 3,000. Tukio lilikuwa limeandikwa kwenye mfumo wiki mbili kabla, likisubiri tu ujumbe wa benki wa kuthibitisha ili liingie lenyewe.

Jumatatu jioni bei mpya ikaingia: kutoka zaidi ya dola 1,200 hadi karibu 120. Uthibitisho wa benki ulikuwa bado. Kwa hiyo mfumo ukazidisha 3,000 kwa 120, na thamani ya mfuko ikaporomoka kwa zaidi ya dola milioni 3 kwenye skrini. Zimebaki dakika 40 kabla ya kutoa bei ya kipande.

Nilijua jibu sahihi ni 30,000. Nikaiandika kwa mkono, mwenzangu akaidhinisha, kwa sababu namba ilikuwa sahihi kweli. Bei ya kipande ikatoka sahihi. Tukaondoka tukipongezana.

Usiku uthibitisho wa benki ukafika. Mfumo ukafanya ulichoagizwa: zidisha kwa kumi. Jumanne asubuhi daftari letu lina hisa 300,000, benki ina 30,000.

Hakuna kilichotoka nje, usuluhisho wa asubuhi uliikamata. Ila watu watatu tulikaa saa 5 kufuta mstari wangu na kuangalia kila ripoti iliyosoma namba ile. Njia sahihi ilikuwepo: kulisukuma tukio lenyewe liingie kwa makadirio, kisha uthibitisho ukija unalifunga badala ya kulirudia. Nilikuwa nimefundishwa mwezi wa Aprili. Dakika 40 zilinisahaulisha, au tuseme ukweli, mkono ulikwenda wenyewe kule kwenye mstari mwekundu.

Sasa kuna zuio: dhamana yenye tukio linalosubiri haiguswi kwa mkono.

27 Septemba 2024: hali ilivyo

Kodi ya gawio la Februari imerudi wiki iliyopita, dola 750 kamili. Ya Machi bado. Mtihani wa kwanza wa CISI nimefaulu. Kuanzia Oktoba nahamia meza ya matukio ya kampuni, na usuluhisho wa pesa namkabidhi mhitimu mpya aliyeanza Jumatatu. Nimempa faili la madaftari mawili na mistari 12 iliyoharibiwa. Amepata 10. Amenishinda.

Katika makabidhiano imebaki tofauti moja wazi, dola 11.40, umri siku 41. Kiwango cha kufuta bila kuomba ruhusa ni dola 25, naye akaniuliza kwa nini nisiifute tu nimwachie meza safi. Nikamwonyesha nilichonacho: si ada ya benki, maana ada zao ni namba kamili, si riba, maana akaunti haina riba, imeingia siku moja na malipo ya hatifungani, lakini malipo hayo yamelingana hadi senti.

Nimeiandikia benki mara ya tatu leo saa 4 asubuhi. Wamejibu saa 10 jioni kwamba wanaangalia. Nimeandika jina lake kwenye nakala ya barua pepe ili jibu likija limkute yeye.